Sifa Si Haki

Hakuna mtu anayesifiwa katika nchi yetu kama mama. Harusini huitwa nguzo ya nyumba. Matangani huitwa taa ya ukoo. Na jukwaani, kura zinapoombwa, huitwa uti wa mgongo wa taifa. Watoto wa shule humwimba, na wanaume wazima hulengwalengwa na machozi wanapomtaja. Mgeni akiyasikia maneno hayo, yamkini atadhani kwamba Kenya ni nchi ambayo mwanamke amekwisha kupewa kila anachostahili. Lakini mgeni huyo na aombe kuonyeshwa hati ya shamba linalolimwa na mama huyo. Aghalabu ataona jina la mwanamume. Kisha na aingie katika Bunge la Kitaifa, ahesabu vichwa; ataona kwamba wasifiwa ni wachache na wasifu ni wengi. Nguzo huibeba nyumba, lakini nguzo haimiliki nyumba.

Msomaji wangu, neno ninalotaka kukuambia ni fupi. Kwa muda mrefu sifa zimelipwa kwa mwanamke mahali pa haki, na malipo hayo ni sarafu bandia, maana hayanunui kitu. Haki ni jambo ambalo mtu aweza kulidai mbele ya mwamuzi na akapewa, hata kama hapendwi na mtu. Sifa hutolewa na mpaji anapofurahi na huondolewa anapokasirika. Mama anayesifiwa leo kwa upole wake aweza kufukuzwa kesho katika shamba alilolilima miaka thelathini, mara tu mumewe anapozikwa. Na waliomsifu matangani ndio watakaombeba na virago vyake hadi njiani. Hali hiyo haitaondolewa na shairi jingine la kumsifu mama. Itaondolewa na mambo mawili yanayokwenda pamoja: mali iliyo mkononi mwake, na kiti chake mahali panapoamuliwa mambo ya mali.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa katika nchi ya wakulima ardhi ndiyo mzazi wa mali nyingine. Utaambiwa kwamba mwanamke hana hati ya shamba kwa sababu mila za wazee wetu zilikataa. Jibu hilo lina kweli nusu. Wazee wetu hawakuwa malaika, wala sitasema kwamba mwanamke wa zamani aliishi peponi. Lakini wazee hawakuwa na hati. Katika jamii nyingi za wakulima ardhi ilikuwa ya ukoo; mke alikuwa na sehemu yake ya kulima na kulishia watoto, wala haikuwa rahisi kwa mtu mmoja kuiuza usiku bila ukoo kujua. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vilikusanywa, vikapimwa, vikaandikishwa. Na karani aliyeshika kalamu aliandika, kwa kawaida, jina moja tu, jina la mwanamume aliyehesabiwa kuwa mkuu wa nyumba. Hapo ndipo mwenye jina alipopata uwezo wa kuuza na kuweka rehani, na asiye na jina akabaki na jembe. Basi yule anayeitetea hati ya jina moja kwa kisingizio cha mila ya mababu, mara nyingi hutetea kazi ya karani wa mkoloni.

Sheria imejitahidi kulirekebisha jambo hilo. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1981; nayo, ingawa iliacha nje ardhi za kilimo na mifugo katika baadhi ya wilaya, haikutofautisha mwana wa kiume na wa kike. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu iliyowapa mabinti ekari chache kuliko ndugu zao wa kiume, ikakataa hoja kwamba binti apunguziwe kwa kuwa huenda ataolewa. Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo katika kifungu cha 60 inaagiza kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi uondolewe. Nayo Pwani, pamoja na sehemu nyingine za Waislamu, ina sheria ya dini iliyomtajia binti fungu lake tangu karne nyingi. Hata hivyo wapo ndugu wanaolikalia fungu hilo na kumwambia dada yao kwamba kulidai ni kukosa adabu.

Kwa hiyo vitabu vya sheria havina njaa tena. Mwenye njaa ni mwanamke. Tazama jinsi haki inavyomponyoka. Mzee akifa, mahakama huhitaji barua ya chifu inayowataja warithi. Ni nani huenda kwa chifu? Aghalabu huenda wana wa kiume, na majina ya dada zao walioolewa mbali hayatajwi. Dada akisikia habari, nauli ya kwenda mahakamani hana, ada hana, na wakili hamjui. Juu ya hayo huambiwa kwamba akimshtaki kaka yake atalaaniwa. Basi hunyamaza, na kunyamaza kwake huitwa heshima. Hapo tena sifa imetumika kumnyang'anya haki.

Katika ndoa mambo si tofauti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 husema kwamba kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba la jamaa ni mchango katika mali, sawasawa na fedha. Hilo ni jambo jema. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mume na mke wakiachana, mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hana budi kuonyesha mchango wake. Sasa fikiri, ewe msomaji. Mume aliyenunua mabati anayo stakabadhi ya duka. Je, ni nani aliyewahi kuandikiwa stakabadhi ya uji? Ni karani gani aliyehesabu ndoo za maji zilizopandishwa mlimani kwa miaka ishirini? Kama jina la mke lingekuwa katika hati tangu siku ya kununua, hangelazimika kuja kuthibitisha jasho lake mbele ya watu wasioliona likitoka.

Labda utasema kwamba wanawake wa Kenya hawakuketi wakilia. Ni kweli, nami nakubaliana nawe kwa furaha. Hakuna kijiji kisicho na chama cha akina mama. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Kenya ya Kati walichangishana fedha, wakanunuliana mabati, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka nyasi zikaondoka mapaani. Vikundi vyao vikaitwa vikundi vya mabati. Hata leo wenye vikundi huweka akiba, hukopeshana, hutozana faini kwa kuchelewa, hununua mbuzi, hulipa karo, na hufanya hayo yote kwa daftari moja na kalamu moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu anayesema kwamba mwanamke hawezi kusimamia fedha za umma na aende akae katika mkutano wa kikundi kama hicho, aone jinsi shilingi ishirini iliyopungua inavyotafutwa mpaka ipatikane. Natamani fedha za kaunti zetu zingetafutwa vivyo hivyo.

Lakini hapa nataka uwe mwangalifu, kwa sababu chama nacho kimeanza kugeuzwa kuwa sifa. Wakubwa husema: "Akina mama wana vyama vyao, wamejitosheleza." Hawakujitosheleza. Kikundi kinaweza kumkopesha mwanachama fedha ya kununulia kuku, si fedha ya kununulia trekta. Kwa fedha hiyo kubwa huna budi kwenda benki, na mara nyingi benki huuliza dhamana, na dhamana inayopendwa ni hati ya shamba. Asiye na hati hapati mkopo mkubwa. Asiye na mkopo hakuzi biashara. Asiye na biashara hana fedha za kugombea uchaguzi. Asiyegombea hapati kiti. Na asiye na kiti hatungi wala hasimamii sheria ya hati. Mwisho wa kamba hii umefungwa kwenye mwanzo wake. Ndiyo maana wanaosema "kwanza uchumi, siasa baadaye" na wanaosema "kwanza siasa, uchumi baadaye" wote wamekosea. Kamba iliyofungwa mduara hukatwa popote kisu kinapofika.

Wangari Maathai alilijua jambo hili kwa vitendo. Mwaka wa 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na wanawake wa vijijini wakapanda miche, wakapata malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Ilikuwa kazi ya jamii, ya mikono na majembe. Lakini mti uliopandwa na kikundi waweza kukatwa na mtu mmoja mwenye sahihi ya ofisini. Mwaka wa 1989 jengo kubwa lilikusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi. Wangari akapinga, akatukanwa, akaendelea kupinga, na jengo halikujengwa. Mwaka wa 2002 akachaguliwa kuwa mbunge wa Tetu, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Miche ilimfikisha bungeni kwa sababu aliona kwamba jembe lisilo na kura hulimia wengine.

Tena siasa si jambo la mbali kama vijana wengi wanavyodhani. Katiba imeziachia kaunti kazi za kilimo, zahanati, masoko na shule za chekechea. Tazama orodha hiyo vizuri: ni maisha ya kila siku ya mama yako. Bajeti ya kaunti inaposomwa, huamuliwa kama soko litakuwa na paa au muuza mboga atanyeshewa. Kama soko litakuwa na choo au atakwenda kuomba kwa jirani. Kama zahanati itakuwa na mkunga usiku. Watu wasiowahi kuuza mboga juani hawana ubaya wa moyo, ila husahau choo. Hawasahau kwa kusudi. Husahau kwa kuwa hawajakihitaji hapo. Dawa ya kusahau huko ni kuwapo kwa yule anayekumbuka.

Historia yetu inaonyesha kwamba mwanamke wa Kenya hakukosekana vitani, alikosekana mezani. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe kodi wala vijana wa kufanya kazi ya Waingereza. Akakamatwa, akahamishwa mpaka Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Mwaka wa 1922 Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mbele ya umati uliodai Harry Thuku afunguliwe mjini Nairobi, naye akapigwa risasi, akafa. Miaka arobaini baadaye, mwaka wa 1962, wajumbe wa Kenya walipokwenda London kuizungumzia katiba ya uhuru, mwanamke miongoni mwao alikuwa mmoja tu, Priscilla Abwao. Uchaguzi wa mwaka wa 1963 haukumtoa mbunge mwanamke hata mmoja. Ilitubidi tungoje mpaka mwaka wa 1969, alipochaguliwa Grace Onyango wa Kisumu. Damu ilipohitajika, hakuna aliyeuliza kama ni ya mwanamume au ya mwanamke. Viti vilipogawanywa, swali hilo likawa la kwanza.

Waliotunga Katiba ya mwaka wa 2010 walilifahamu kosa hilo. Waliandika kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kwa mabunge ya kaunti waliweka na njia: pungufu likitokea baada ya uchaguzi, viti maalum huongezwa mpaka kipimo kitimie. Kwa Bunge la Kitaifa hawakuweka njia kama hiyo. Waliwaachia wabunge wenyewe waitafute. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba jambo hilo litimizwe kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe hiyo ilifika ikapita. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ililiamuru Bunge litunge sheria katika siku 60, siku zikaisha. Mwaka wa 2019 mswada ulianguka kwa kuwa wabunge wa kutosha hawakuwapo kuupigia kura. Mwaka wa 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, Bunge halikuvunjwa. Uchaguzi wa mwaka wa 2022 uliwapa wanawake viti 29 kati ya maeneo bunge 290. Ukiongeza viti 47 vya wawakilishi wa kaunti vilivyotengewa wanawake, unapata 76. Na hata kama wabunge 12 wa kuteuliwa wangekuwa wanawake wote, jumla ingekuwa 88. Theluthi ya Bunge lenye wabunge 349 ni 117. Fanya hesabu mwenyewe, kisha ujiulize: mwananchi wa kawaida akivunja sheria miaka mingi namna hii, huitwaje?

Wapinzani wana majibu yao, na ni haki tuyasikilize. Wa kwanza husema: "Wanawake ndio wengi, mbona hawapigiani kura?" Husahau kwamba kabla ya kura ya wananchi huja uteuzi wa chama, na mlangoni pa chama husimama fedha, na mara nyingine fujo. Husahau pia kwamba mgombea mwanamume huulizwa atajenga barabara gani, na mgombea mwanamke huulizwa kama ameolewa.

Wa pili husema: "Na washindane kwa uwezo, tusiwape kiti cha bure." Maneno hayo yangekuwa mazuri kama mbio zingeanzia mstari mmoja. Lakini anayekimbia na mtoto mgongoni, kuni kichwani na hati mkononi mwa kaka yake, hakushindwa kwa udhaifu wa miguu. Mtue mzigo kwanza, ndipo utazame ni nani mwenye mbio.

Wa tatu husema: "Binti akirithi, mwana wa kiume atapoteza." Huyu sitamjibu kwa udanganyifu. Shamba likigawanywa kwa watoto watano badala ya watatu, fungu la kila mmoja litapungua; hesabu haina upendeleo. Lakini kijana huyo anayelia na akumbuke kwamba naye ataoa. Mke wake atatoka katika nyumba ambayo binti amerithi, hatakuja na mikono mitupu. Na siku kijana huyo atakapokufa akiwa bado mdogo, kama wafavyo wengi, mjane wake hatafukuzwa na watoto wake hawatalala njaa. Kinachompungua kwa dada yake humrudia kwa mkewe na kwa binti yake. Anayepoteza kabisa ni mmoja tu: yule aliyezoea kula fungu la mwenzake.

Sasa nageuka kwako, kijana unayesoma, maana hukuandikiwa haya ili uyajibu katika mtihani tu. Wewe msichana, usiridhike kuitwa mpole. Gombea uongozi katika shule yako. Ukishindwa, gombea tena. Jifunze Katiba kama unavyojifunza hesabu, ujue kifungu cha 27 na cha 60, ili siku utakapoambiwa "mila hairuhusu" uweze kujibu kwa adabu na kwa hakika. Utakapoanza kufanya kazi na kununua kitu chenye hati, jina lako na liandikwe. Wala usiolewe na mtu anayechukizwa na jina lako kuonekana karatasini.

Na wewe mvulana, wajibu wako ni mzito zaidi, kwa sababu mlango wenyewe umeushika wewe. Siku itafika ambapo wazee wa kwenu wataketi kugawa shamba, na utaitwa, na dada yako hataitwa. Siku hiyo haitatangazwa redioni, wala hakutakuwa na mwalimu wa kukutazama. Utakuwa na nafasi ya kusema maneno machache tu: "Dada yuko wapi? Na aitwe." Ukiyasema, utakuwa umeitekeleza Katiba ya nchi yako nyumbani kwenu. Ukinyamaza, basi insha zote ulizoandika shuleni kumsifu mama zitakuwa kelele.

Mkitimiza miaka 18, nyote wawili, jiandikisheni kupiga kura, na mgombea akija kumsifu mama mbele yenu, mwulizeni maswali mawili. La kwanza: chama chako kimeteua wanawake wangapi katika maeneo ambayo kina nguvu ya kushinda? La pili: mswada wa theluthi utakapoletwa, utakuwa ndani ya ukumbi au utakuwa nje unakunywa chai? Kama hana jibu, mshukuruni kwa sifa alizotoa, kisha mpeni kura mtu mwingine. Mama amekwisha kusifiwa vya kutosha. Kilichobaki ni kumlipa.